Kasha la Damu ya Kitovu

Jumatatu, 3 Juni

Mambo! Leo kliniki, mimi na mke wangu na tumbo lake la miezi tisa, tumekutana na afisa wa benki ya seli. Kumbe kitovu tunachokitupa ni hazina! Mtoto akishazaliwa na kitovu kukatwa, damu inayobaki ndani yake ina seli shina, zile changa zinazozaa seli nyingine. Inachukuliwa bila mtu kuumia, inagandishwa miaka na miaka, na huenda siku moja ikasaidia kutibu ugonjwa fulani wa damu. Mke wangu, mwalimu wa hesabu, aliuliza maswali kumi na moja. Mimi moja tu: mtoto atapewa kadi ya benki? Afisa alikohoa.

Tumejiandikisha. Tatizo ni shemeji, kaka yake mke wangu. Anauza kwenye duka la dawa, basi mtaa mzima unamwita Daktari Nusu. Kasema kasha la vifaa atalibeba yeye siku ya kujifungua, kwa kuwa mimi ni fundi cherehani tu. Thubutu!

Jumatano, 5 Juni

Kasha limefika! Jeupe, jepesi, limefungwa kama zawadi. Ndani: mfuko wa damu, sindano, lebo, fomu. Daktari Nusu alisoma maelekezo kwa sauti ya mtangazaji: lisiwekwe kwenye friji, likae chumbani tu, siku yenyewe akabidhiwe mkunga. Alipoanza kuyarudia mara ya tatu, nilishalihamishia dukani kwangu na kulifunika kwa kitambaa cha bitana.

Alhamisi, 6 Juni

Mazoezi. Dukani hadi hospitali, mbio, kasha la viatu mkononi: dakika kumi na tisa. Kwa kukatisha uani kwa seremala: kumi na nne! Kasoro mbwa wake.

Jumamosi, 8 Juni

Siku yenyewe! Saa nne asubuhi mke wangu kapiga simu: chupa imepasuka. Nikamwacha mteja na koti la mkono mmoja, pini tele mgongoni. Nikachomoka! Uani kwa seremala mbwa akabaki na kipande cha suruali. Dakika kumi na moja! Nikalitua kasha mbele ya mkunga, nikisubiri pongezi.

Akauliza, “Mama mwenyewe yuko wapi?”

Nikamwonyesha kasha. Akauliza tena, polepole, kama anayesema na mgeni wa lugha.

Lahaula! Nimemsahau nyumbani!

Nikageuka mbio. Na kasha, maana nimwachie nani? Nyumbani mlango umefungwa. Jirani akaniambia Daktari Nusu kashampeleka kwa teksi. Akaniambia pia suruali yangu haina nyuma.

Mbio tena. Nilifika miguu si yangu. Mkunga alinyoosha mkono mlangoni akalinyakua kasha, akasema ningechelewa kidogo tu ningekuta kitovu kimeshatupwa. Mke wangu, katikati ya uchungu, aliidai fomu, akaisaini, akasahihisha tahajia yangu. Dakika chache baadaye, kilio. Msichana! Mkunga akatoka na habari: damu imepatikana, mfuko umejaa vizuri. Nikalia. Daktari Nusu naye akalia. Kisha akavua koti lake akanifunga kiunoni. Nikamshukuru. Kidogo.

Jumanne, 11 Juni

Benki imepiga simu: seli zinatosha, zimeshagandishwa! Mke wangu kanikalisha, mtoto kifuani, akasema kwa upole, “Mume wangu, pupa yako nusura itukoseshe kila kitu. Niahidi utatulia.”

Nikaahidi kwa moyo wote. Nilikuwa na machozi kabisa.

Baada ya chai redio ikatangaza kwamba meno ya utotoni nayo yana seli shina. Meno! Nikatoka kabla Daktari Nusu hajasikia, nikawa wa kwanza mlangoni kwa daktari wa meno. Akaniuliza mtoto ana meno mangapi.

Nikamwambia hana hata moja, ndiyo maana nimewahi.