Somo la Kuchechemea

Malori yalipoanza kupeleka askari mpakani kupigana na Tanzania, Mushagalusa, Mkongo aliyekanda viungo vya watu mtaani Kisenyi, aliona mara moja kwamba riziki yake haimo tena katika kuponya. Imo katika kuumiza. Tena kuumiza kwa mdomo tu, maana yeye alikuwa mtu wa huruma.

Mteja wa kwanza alikuwa Adong, mke wa Koplo Odur. Alitaka mumewe asipelekwe mpakani, akaleta kilo tano za sukari, mwaka ambao sukari ilionekana kwa nadra kuliko mvua ya mawe.

"Mama, sikia," Mushagalusa akasema, akiushika muundi wa Adong kwa heshima. "Kifundo kikiteguka hivi hivi, kinavimba, daktari anaona. Lakini kuna kano za juu, zinafunga ile mifupa miwili ya mguu. Hizo zikichanika, uvimbe kidogo tu, na picha ya eksirei haionyeshi kitu. Bwana wako aonyeshe hapa, juu ya kifundo. Daktari akiminya muundi katikati, bwana aseme panauma huku chini. Akipinda wayo kwa nje, apige kelele."

"Anapona lini?"

"Miezi mitatu. Vita itakuwa imeisha."

Adong alirudia somo mara mbili, akashukuru, akaenda zake.

Wiki nzima Mushagalusa alisubiri wateja, asimwone hata mmoja. Siku ya nane akasikia kwamba kambini kuna mwanamke anafundisha maumivu kwa bei ya kuku. Akapandwa na hasira za mtu mwaminifu aliyeibiwa, akaenda hadi getini kudai fungu lake.

Adong alikuwa pale. Nyuma yake walikuwa wakija askari kumi na mmoja, mumewe akiwemo, wote wakichechemea mguu wa kulia. Daktari wa jeshi alikuwa akiwahesabu.

"Afande," Adong akawahi, "huyu ndiye fundi niliyekuambia. Kano za juu hakuna anayezijua kama yeye."

Mushagalusa angeweza kukana. Lakini sifa ni tamu. "Kweli, Afande. Miaka ishirini sasa."

"Vizuri," daktari akasema. "Walio mbele vitani hawana hata mtu wa kuwafunga bendeji. Panda lori."

"Afande, mimi raia!"

"Ulikuwa."

Wakampandisha. Lori lilipoanza kuondoka, Odur, mtu mwenye adabu zake, alilikimbilia, akampa mwalimu mkono wa kwaheri, akakumbuka, akarudi akichechemea.