Jiwe la Plastiki na Namba Zangu Sahihi

Jumapili, tarehe 3
Jambo hili sijamwambia mtu yeyote: kopo la nyuma ya maktaba sikulipata kwa akili. Nililikalia.

Ni mchezo: mtu huficha kopo, huweka mtandaoni namba za mahali lilipo, wengine hulitafuta. Nilikuwa nimetafuta saa nzima. Namba za ramani alizoweka mtandaoni mwenye kopo zilinipeleka ukutani. Nikaupapasa ukuta mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa. Nikaona haya, nikaenda kukaa kwenye jiwe, hatua kama ishirini kutoka pale. Jiwe likalia kama ndoo. La plastiki! Ndani yake kopo, ndani ya kopo kidaftari cha majina ya waliolipata. Jina la mwisho: Dira. Kila kopo, Dira.

Dira ni msichana wa darasani kwetu. Tunamwita hivyo kwa sababu hapotei. Ameshapata makopo arobaini na moja. Mimi, pamoja na hili la kukalia, sita.

Naye mtandaoni aliandika “Nimelipata, ahsante” tu. Habari za namba mbovu, kimya. Basi nitaandika mimi. Ijumaa mwalimu wa jiografia atachagua mwanachama mmoja wa klabu ya ramani afiche kopo la kwanza la shule. Amesema atamtazama anayesaidia wenzake. Mahali pa kulificha napajua tangu mwaka jana. Nimepachora mara kumi na nne.

Jumatatu, tarehe 4
Nimesoma sura nzima ya kitabu cha upimaji. Kipimo kimoja hakitoshi. Chukua vingi, utafute wastani.

Baada ya masomo nikasimama kwenye jiwe, simu juu, nikachukua vitano. Wakaja wasichana wa netiboli. Mmoja akauliza yule anapigana na nyuki au vipi. Nikaondoka. Vitano vilivyobaki nimevichukulia nyumbani, kitandani, kwa utulivu. Setilaiti ni zile zile.

Wastani nimeupiga mara tatu. Nikaandika mtandaoni, chini ya taarifa yangu: “Namba za awali zina kasoro. Zilizosahihishwa ni hizi.” Nikaongeza tarakimu tatu mwishoni, zipendeze. Mama aliuliza nacheka nini. Nikasema hesabu.

Jumanne, tarehe 5
Shangazi amepita kwetu baada ya kufunga saluni yake, iliyo nusu ya njia kati ya kwetu na maktaba. Analalamika. Watu watatu leo, simu mkononi, wanafukunyua vyungu vyake vya maua. Bwana mmoja mwenye tai alimwomba mteja ainuke kidogo achungulie chini ya kiti, na mteja yuko ndani ya draya. Mama akasema labda wezi. Shangazi akauliza mwizi gani anaomba samahani kila akiinama.

Nilimaliza kula. Kisha nikafungua ramani. Namba zangu zinaangukia mlangoni kwa shangazi. Sielewi. Kitabu chenyewe kina jalada gumu.

Jumatano, tarehe 6
Nilitaka kuzifuta. Lakini Dira ameandika chini yake, mbele ya ulimwengu: “Nimefika. Nimesukwa. Kopo sijaliona.” Watu kumi na mmoja wamecheka. Nikifuta sasa, Ijumaa nimeikosa.

Namba siwezi kuzigusa. Kopo naweza kulibeba.

Nililitia kwenye mkoba wa shule, jiwe na yote, nikalipanga kati ya vyungu vya maua. Shangazi akanidaka. Akasema kumbe mtoto wa kaka huwa unanikumbuka, na zawadi juu. Akanipa ufagio. Nimefagia nywele hadi saa kumi na mbili.

Alhamisi, tarehe 7
Mwenye kopo ni mpimaji ardhi mstaafu. Kila Alhamisi huenda kusoma majina mapya. Hilo sikulijua.

Leo alikuta alama ya duara kwenye udongo. Akampigia mwalimu wetu. Mwalimu akamwita Dira, Dira akanitaja mimi, na wote wanne tukazifuata namba zangu. Kopo lipo! Limeuzuia mlango wa saluni usijifunge. Mwalimu akanipongeza. Nilikuwa na furaha kwa muda wa dakika moja.

Kisha shangazi, kwa upendo wote, akaeleza kwamba jiwe hilo aliletewa jana na mtoto wa kaka yake, ambaye pia anajua kufagia. Mwalimu akachukua mkoba wangu, atie jiwe lirudishwe. Michoro yangu kumi na minne ikamwagika sakafuni.

Mpimaji alikaa kwenye kiti cha wateja. Akasema kopo hilo ana miaka sita nalo, na asubuhi alidhani limepotea na majina yote. Hakupandisha sauti. Afadhali angefoka. Niliomba radhi.

Akauliza nilichukua vipimo vingapi. Kumi. Vyote pale pale kwenye jiwe? Nikasema ndiyo. Ningeelezaje habari za netiboli mbele ya Dira? Akakuna kichwa. Akasema hapo hata yeye haelewi. Labda ungeongeza vipimo, mwanangu.

Ijumaa, tarehe 8
Amechaguliwa Dira. Nilipiga makofi kama wengine.

Mapumziko alinifuata. Akasema katika michoro yangu, wa tisa ndio unaoeleweka: chini ya ngazi za maabara ya zamani. Kopo la shule atalificha hapo, na ataandika kwamba mahali palichaguliwa na mimi. Ila namba ni zake. Akaniambia nisizisogelee. Niliapa.

Jumamosi, tarehe 9
Namba za Dira zimetoka. Nimekwenda kwenye ngazi, kuangalia tu. Simu yangu inaonyesha tofauti ya hatua nne. Niliapa, ndiyo. Lakini kuna watu watahangaika.

Na kosa langu sasa nalijua: vipimo vilikuwa vichache.

Nimechukua kumi pale chini ya ngazi. Akatokea fundi rangi, akauliza kama nimepoteza kitu. Nikaona haya. Nikarudi nyumbani, nikalala chali kitandani, nikachukua kumi vingine, nikapiga wastani, nikatuma.