Chura, Miale ya Infraredi na Safari ya Ujerumani

Jumatatu, 6 Machi 2006

Habari kubwa! Dkt. Kibe, msimamizi wetu, ametuita ofisini wanafunzi wake wawili wa uzamili, mimi na Ngina. Maabara moja ya Ujerumani inataka mwanafunzi mmoja kwa miezi mitatu. Mmoja tu. Ijumaa kila mtu alete grafu yake. Mwenye grafu bora ndiye atakayepanda ndege.

Kazi yetu ni moja: peptidi, kijipande cha protini kutoka kwenye ngozi ya chura, ambacho hujipenyeza kwenye utando wa bakteria na kuutoboa. Tunakichanganya na mafuta kama yale ya utando, tunakimulika kwa miale ya infraredi, mashine inachora. Kilele kikisimama karibu na namba 1650 kwenye grafu, ina maana peptidi imejikunja kama springi humo ndani ya mafuta. Miezi minane nimekitafuta kilele hicho. Nimepata mistari iliyolala tu.

Ngina ni mpinzani hatari. Huosha kioo cha mashine mara tatu. Huandika kila kitu. Hata kucha zake ni fupi.

Nimempigia mama simu Vihiga, nikamwambia naenda Ujerumani. Kisha nikashukia soko la Kangemi, nikanunua koti la baridi. Linafika kwenye vifundo vya miguu. Nimelivaa hadi nyumbani Mountain View. Jasho! Lakini majirani wameona.

Jumanne, 7 Machi

Mpango! Mashine ni moja, daftari la zamu ni moja. Nimefika mjini saa moja asubuhi, nikajaza zamu zote hadi Ijumaa kwa jina la Profesa Muchiri, mgeni wetu. Hakuna Profesa Muchiri. Ningeingia mimi kwa niaba yake. Ngina akaja, akakosa nafasi. Nikamwonea huruma kwa sauti.

Sikumweka Mzee Jamleck kwenye hesabu. Ndiye fundi wa maabara, na anapenda wageni. Akapiga deki. Akatafuta kikombe chenye kisahani. Saa nne Dkt. Kibe mwenyewe akashuka na tai shingoni, akauliza profesa yuko wapi. Nikasema amepatwa na msiba. Akauliza amefiwa na nani. Nikababaika, nikasema ni yeye mwenyewe aliyefariki.

Dkt. Kibe akasema tuombe. Ngina akaongoza, akamwombea marehemu, mjane na watoto. Alilengwalengwa na machozi. Nilijisikia vibaya sana, hadi walipogawa zamu za marehemu. Ngina kapewa asubuhi zote!

Jumatano, 8 Machi

Zamu yangu ni ya mchana. Maji ya kawaida hunyonya miale mahali pale pale pa protini, ndiyo maana tunatumia maji mazito, yenye hidrojeni nzito. Yanatoka ng'ambo, kichupa kimoja kwa muhula. Nimekimwaga.

Nikajaza ya bomba. Nani atajua? Mashine ilijua. Ilichora mlima mmoja wa maji, chura hayupo.

Ngina akapita, akaona, akanigawia nusu ya maji yake mazito. Hakuuliza lolote. Njama tupu! Nani humpa mpinzani maji yake? Nikayapokea kwa tahadhari.

Mama kapiga. Amewaambia watu wa kanisa. Wataniombea Jumapili.

Alhamisi, 9 Machi

Kile chuma cha kukandamiza sampuli kwenye kioo kimekwama. Nusu saa nzima nahangaika. Nikaona upuuzi, nikakandamiza kwa kidole gumba. Nilikuwa nimetoka kula chapati na mayai, nina nguvu.

KILELE! Karibu na 1650, kimesimama kama jengo la KICC! Na vilele vya mafuta pembeni, vinono! Peptidi ndani ya mafuta, springi kamili!

Nikarudia. Kile kile. Mara ya tatu nilisahau kuweka sampuli, nikakandamiza tu, na kilele kikaja vile vile. Peptidi imekishika kioo isibanduke! Haya ni mambo mapya kwa sayansi.

Nimemwambia Ngina asijisumbue sana. Akasema asante.

Ijumaa, 10 Machi

Nimekwenda na koti.

Ngina alitangulia. Kilele chake kidogo, chenye haya. Alieleza makosa yake yote bila kuulizwa. Nilimhurumia.

Kisha yangu. Mzee Jamleck akapiga mbinja. Dkt. Kibe akavua miwani, akaivaa tena. Akauliza nilikandamiza kwa kitu gani. Nikamwonyesha kidole, kwa fahari.

Akasema twende kwenye mashine. Akasafisha kioo mwenyewe, akakikausha. Akaniambia niweke kidole, bila sampuli yoyote. Nikaweka. Mashine ikachora. Akaiweka grafu ile juu ya yangu, akaziinua dirishani. Mstari mmoja.

"Zadock," akasema polepole, "huyu si chura. Huyu ni wewe."

Ngozi ni protini, kumbe. Imejikunja kama springi. Na mafuta ninayo mwenyewe.

Mzee Jamleck alicheka hadi akaegemea mlango. Ngina hakucheka. Aliuliza tu kwa upole kama nilikuwa nimekula mayai.

Ngina anaenda Ujerumani.

Nilikaa ngazini muda mrefu na koti langu mapajani. Kisha nikampigia mama. Nilitaka kumwambia safari imesogezwa. Nikasikia akiniambia ameazima viti kwa jirani, watu wa kanisa watakuja nyumbani baada ya ibada. Ikanishinda. Nikamwambia ukweli, karibu wote.

Akauliza, "Kwa hivyo mashine imekupima?"

Nikasema ndiyo.

"Na uko sawa?"

Nikasema grafu ni nzuri.

Akasema basi, Mungu ni mwema, viti vitakaliwa vile vile.

Jumapili, 12 Machi

Nimelala vizuri. Nimefikiri. Watu wamekimbilia kucheka, hakuna aliyeitazama grafu yenyewe. Ndiyo bora kuliko zote zilizowahi kutoka kwenye mashine ile! Dkt. Kibe alisema mwenye grafu bora. Hakusema lazima awe chura.

Nimewaandikia Wajerumani barua moja kwa moja. Nimewaarifu kuhusu protini ya kusisimua kutoka kwa mnyama mkubwa wa magharibi mwa Kenya, mpole, anayeonekana pia Mountain View. Sampuli zipo kumi, na zaidi zikihitajika. Niko tayari kuzileta mwenyewe.

Kesho naanza na vidole vya miguu.