Mzee Mtu na Mzee Gari

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Maonyesho ya Magari ya Zamani na Magari ya Kulala,
Ufukweni.

YAH: KURUDISHIWA NENO LETU KABLA YA JUMATATU

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta umepumzika baada ya pilikapilika za jana, na kwamba mchanga umeshakutoka masikioni. Huku kwetu sote tu wazima, isipokuwa mimi.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, na nimezisambaza miaka yote hiyo kwa gari langu dogo la rangi ya maziwa, ambalo nililinunua kabla mtoto wetu wa kwanza hajaota meno. Sasa mama watoto wangu na mkwe wetu, mume wa binti yetu, wamekata shauri kwamba gari hilo limekula chumvi ya kutosha, na kwamba Jumatatu mnunuzi wa vyuma chakavu aje alichukue. Mkwe alisema nyumba hii ipunguzwe vitu vya zamani. Alisema hivyo akiniangalia mimi. Nikaomba jambo moja tu, kwamba Jumamosi twende nalo baharini, mimi na mama watoto, tukaliage. Nyumbani yeye huliita "likweche lako", kwa hiyo nilishukuru alipokubali kupanda.

Wala hatukujua kuna maonyesho. Tulibeba chupa ya chai na mayai ya kuchemsha, tukale tukiangalia maji. Yaliyotupata nayaeleza hapa chini kwa mpangilio, ingawa najua mpangilio wenyewe utanishinda mbele ya safari.

1. Kibao chenu. Pale getini mliandika kwa herufi kubwa: WAZEE UPANDE WA BAHARI, WENGINE NYUMA YA UKUTA. Ndugu Mwenyekiti, macho yalinilenga machozi. Nimepanga foleni benki nikiwa na goti bovu, nimesimama hospitalini huku vijana wamekalia mabenchi yote, na leo hatimaye kuna watu wamekumbuka kwamba mzee naye anahitaji upepo. Bwana mmoja wa fulana ya manjano alituona, akapiga saluti, akasema, "Mzee safi kabisa huyu! Pitisheni mbele!" Nikamwambia ahsante sana mwanangu, nikaweka gari pale aliponionyesha, mstari wa mbele, mawimbi yakinirushia manyunyu kwenye kioo. Mama watoto akaniuliza mbona magari yote ya hapa yanang'aa kama sufuria za maonyesho. Nikamjibu kwamba wazee ni watu wasafi.

Hakuna aliyetueleza kwamba katika lugha ya kamati yenu "wazee" ni magari.

2. Mahojiano. Sijamaliza yai la kwanza, watu wakatuzunguka na simu zao. Mama mmoja mwenye kofia pana ya ukili akauliza, "Mzee ni wa mwaka gani huyu?" Nikamtajia mwaka wangu wa kuzaliwa, maana sina cha kuficha. Akakataa katakata. Alisema mwaka huo walikuwa hawajaanza kutoka wenye taa za mviringo. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena.

Mwingine akataka kujua kama mzee anakunywa sana. Nikasema tangu nioe sijagusa. Wakaangua kicheko, nikadhani wamenipenda. Wakauliza kama mlima anapanda. Nikasema anapanda, mradi asiharakishwe na asibebeshwe mizigo ya watu. Asubuhi anawaka kwa urahisi? Nikasema mpaka apate chai. Viungo vyote ni vyake vya asili? Hapo nilisema ukweli, kwamba vyote ni vyake ila meno mawili ya mbele, na daktari wa meno aliyeegesha gari lake la kulala jirani yetu akageuka kunitazama kwa hamu. Lakini yule wa suruali fupi aliyeniuliza, mbele ya mke wangu, kama anaweza kumfungua mzee aone ndani, huyo nilimjibu kwa kulishika shati langu kwa mikono miwili na kumwomba aende zake. Kumbe alikuwa anazungumzia boneti.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Gari, Ndugu Mwenyekiti, ni ngeli ya li- na ya-. Gari linakunywa. Gari linapanda mlima. Gari linafunguliwa. Mtu ndiye anayekunywa na kupanda, na kufunguliwa hafunguliwi bila ridhaa yake. Watu wenu wanasema "anakunywa" wakiwa wameelekeza kidole kwenye radieta, na mzee aliyesimama mbele ya radieta hiyo afanyeje? Aibu yangu yote ya jana ingeepukika kwa herufi mbili tu, l na i.

3. Gari la kulala la daktari wa meno. Sina ugomvi na daktari, ni mtu muungwana. Ugomvi wangu ni na mapazia yake. Alitukaribisha ndani, tukavua viatu ili tuingie garini, jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani. Kuna kitanda, kuna jiko la gesi la mafiga mawili, kuna sinki, na bomba la sinki halivuji. Mama watoto alilifungua na kulifunga, akalifungua na kulifunga, kisha akanitazama. Bomba la jikoni kwetu linavuja tangu mvua za mwaka juzi. Naiomba kamati ipige marufuku mabomba mazima kwenye maonyesho yanayohudhuriwa na watu waliooana.

Basi, mapazia. Upindo wake ulikuwa umekwenda segemnege, upande mmoja juu, mwingine chini. Mimi hutembea na sindano kwenye kola ya shati, ndiyo kazi yangu, na siwezi kukaa chumba kimoja na upindo wa namna hiyo nikanyamaza. Nikaomba ruhusa, nikapiga magoti kitandani, nikaanza kuupinda upya. Mama watoto na daktari wakatoka kupunga upepo.

Nikiwa nyuma ya pazia hilo hilo, na uzi mdomoni, nikamsikia daktari akimwuliza mke wangu huko nje, "Mama, huyu mzee ukipata mtu wa kumtunza, unamuuza?" Nikajichoma kidole, Ndugu Mwenyekiti. Nikakinyonya huku nimetega sikio. Kisha mke wangu akasema, "Hapana. Simuuzi. Tumetoka mbali na yeye."

Sikumbuki upindo uliobaki niliushonaje. Mama watoto wangu si mtu wa maneno matamu. Siku ya harusi yetu aliniambia kwamba suti imenikaa vizuri, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiishi kwa akiba ile. Nilikaa juu ya kitanda cha daktari wa watu nikalia kidogo, kisha nikatoka nje nikiwa nimenyoosha mgongo.

Nilipotoka nikamkuta ameweka mkono juu ya boneti.

4. Zawadi. Jambo hili lilipaswa kuwa la mwisho lakini ndilo linaloniuma usingizini, kwa hiyo naliweka hapa. Mtangazaji wenu alisema kwenye kipaza sauti kwamba zawadi ya Mzee wa Asili Kuliko Wote imekwenda kwa mzee wa rangi ya maziwa aliyesimama karibu na ukuta wa bahari. Nilikuwa nimesimama karibu na ukuta wa bahari. Nilikuwa nimevaa shati la rangi ya maziwa. Naomba hapa haki itendeke, ungekuwa wewe ungefanyaje?

Nilipanda jukwaani, nikapokea kipaza sauti kutoka mkononi mwa mtangazaji, ambaye kwa adabu zake hakuking'ang'ania. Nikashukuru. Nilisema kwamba siri ya kudumu ni kula kwa wakati na kuwa na mtu wa kukwambia ukweli. Nilimshukuru mama watoto kwa kunitunza, nikayashukuru magoti yangu, hata lile bovu. Watu walipiga makofi mno. Kisha mtangazaji akaniomba kwa sauti ya chini nisogee pembeni kidogo, ili wapate nafasi ya kumbandika mshindi utepe kwenye boneti.

Mama watoto wangu hacheki mbele za watu. Jana alicheka mpaka mtandio ukaanguka mchangani, akashika mlango wa gari ili asifuate mtandio.

Tena zawadi yenyewe ni ya uongo. Nilimwambia jaji kwamba hapana cha asili pale. Kirungu cha gia ni kibiringo cha uzi. Kioo cha pembeni ni cha pikipiki. Dirisha la nyuma linazuiwa na kifungo cha koti. Jaji aliinama akapiga picha vitambaa vya viti, akawaeleza wenzake kwamba marinda yale ni ushonaji wa enzi hizo, siku hizi hakuna mikono kama ile. Enzi hizo ni Desemba iliyopita, na marinda ni ya sketi za wasichana wa sekondari zilizobaki. Nikamweleza. Akaniwekea mkono begani akasema, "Usijishushe, mzee." Mpaka sasa sijui alikuwa anasema na nani.

5. Madai yangu. Kwa hayo yote, naiomba kamati yako itekeleze yafuatayo bila kusukumana.

Kwanza, mturudishie neno letu. Tafuteni jingine. Magari yenu yaiteni mababu, yaiteni makuukuu, yaiteni wastaafu, mtajua wenyewe.

Ikiwa hamtaki kulirudisha, basi sisi wazee wa mwanzo tupewe haki zote mnazowapa wazee wenu. Tuzungushiwe kamba. Tuwekewe kibao cha USIGUSE. Tufunikwe turubai chumvi ya bahari ikizidi, na tusitolewe nje siku ya mvua. Asubuhi tusiondoshwe kabla hatujapata moto. Tukianza kutoa sauti ya ajabu, watu wasiondoke mezani. Wakusanyike, wainamishe vichwa, wasikilize kwa makini, kisha wabishane kwa upole juu ya chanzo chake. Na akitokea mkwe wa mtu yeyote akisema nyumba ipunguzwe vitu vya zamani, kamati nzima ifike nyumbani kwake na fulana zake za manjano, imsimamie mpaka atubu.

Mwisho, na hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu, natamani mtume ujumbe wa watu wawili watatu wenye busara, kabla ya Jumatatu, wamwulize mke wangu ni nani ambaye hamuuzi. Nimeipima sentensi yake tangu jana, njia nzima ya kurudi, utepe ukipepea mbele yangu. Alisema "simuuzi". Angekusudia gari, kwa Kiswahili chake cha kila siku angesema "siliuzi". Lakini alikuwa ameshinda siku nzima na watu wenu, na lugha yenu inaambukiza. Tena mkono ulikuwa juu ya boneti. Tena angekusudia sote angesema "siwauzi". Kwa hiyo anayebaki ni mmoja, na mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja na gari lenye nafasi ya kutosha. Kuuliza mwenyewe naogopa. Nimeishi na mke huyu, nalipenda jibu nililolisikia nyuma ya pazia, na sitaki mtu aje anieleze kwamba halikuwa langu.

Nisalimie wajumbe wote wa kamati, na mtangazaji, nikimwomba radhi kwa kipaza sauti chake. Yule bwana wa getini mwambieni saluti yake ilinifaa hata kama haikuwa yangu. Daktari wa meno mpeni salamu za pekee, na pazia la kushoto asilifue kwa maji ya moto.

Ni mimi, mwenye sindano kolani na donge moyoni,
Fundi Cherehani
(mtu, si gari)

Tanbihi: Ndugu Mwenyekiti, tafadhali ichane barua hii ukishaisoma. Neno "mzee" endeleeni nalo, linawakaa vizuri. Mwakani naomba mtuwekee nafasi ile ile upande wa bahari. Mzee nitampaka nta mwenyewe, na sasa hivi asubuhi anawaka bila matata. Tutakuja wazee watatu, ila huyo wa tatu msimwite hivyo akisikia. Nilichelewa kuituma kwa sababu ya kutafuta stempu, na leo Jumatatu mnunuzi wa vyuma chakavu akanikuta uani, nimeegemea boneti yenye utepe, barua mkononi. Mama watoto akatoka jikoni na mikono ina povu. Akatutazama, mimi na gari, gari na mimi. Kisha akamwambia yule bwana arudi alikotoka. "Siwauzi," alisema. Wingi, Ndugu Mwenyekiti. Nimesikia kwa masikio yangu mwenyewe, na sasa naomba uniwie radhi, nakwenda kutengeneza bomba.