Mheshimiwa Apata Bosi

Mheshimiwa hakuwahi kuchaguliwa na mtu. Jina alijipa mwenyewe siku aliyonunua tai. Aliposikia redioni kwamba wazazi wanaolea watoto wenye ulemavu mkubwa watapewa posho, moyo wake ulijaa huruma, hasa kwa hiyo posho.

Akabisha hodi kwa fundi cherehani mmoja, mama wa mvulana asiyeweza kukaa wala kushika kijiko. Nyumbani walimwita Bosi, maana wote walimtumikia.

"Uandikishaji unafungwa leo, mama, na foleni haisogei. Nipe ada kidogo, nikupitishie jina."

"Si lazima mzazi akatie sahihi mwenyewe?"

"Hao ni wale wasio na mtu wao ndani."

Mama alijua kuwa uandikishaji unafungwa leo. Wiki nzima alikosa wa kumwachia mtoto. Mama mkwe yupo, lakini magoti yake hayamruhusu kuinua mtu. Akamtazama Mheshimiwa mikono, wala si uso.

"Pesa iko kwa dada yangu. Nishikie Bosi nikaifuate. Viatu mwachie bibi."

Bibi akavikalia.

"Mgeuze, ubavu huo utamuuma," akaamuru. "Haya, uji. Usijaze kijiko, atapaliwa."

Mheshimiwa, aliyewahi kuuza kiwanja kimoja kwa watu watatu, alishindwa kumshawishi Bosi ameze. Kila neno tamu lilirudi na uji, likatua kwenye tai. Mwisho akaimba wimbo wake wa zamani wa kuuzia dawa ya kunguni. Bosi akacheka kwa sauti, akameza, akafungua kinywa tena. Wimbo ukaimbwa mpaka koo likakauka.

Mama alirudi jioni, uso umenawiri.

"Nimeandikishwa. Yaani sikuamini nitawahi."

"Na ada yangu?"

"Si umesema ni ya kupitishiwa jina? Mimi nimejipitisha."

Mheshimiwa akafuta uji kwenye tai. Bibi akainuka kwa kujivuta, akamsukumia viatu.

"Jumanne Bosi ana mazoezi ya viungo hospitalini, na kule kuna ngazi. Mimi siwezi kumbeba."

Mheshimiwa akavaa viatu, akatoka bila kuaga. Nyuma yake Bosi akaanza kuguna, akiutafuta ule wimbo. Mheshimiwa akasimama kizingitini.

"Jumanne saa ngapi?" akauliza, na aliyeshangaa zaidi alikuwa yeye mwenyewe.