Kamati ya Kuku wa Felti

Ninayo heshima kuutangazia umma, kuanzia Mpanda mjini hadi mwambao wa Ziwa Tanganyika, kwamba mwaka 1994 wilaya yetu iliunda Kamati ya Uratibu, Uhakiki na Udhibiti wa Vitu vya Kuchezea Vinavyotengenezwa na Watoto kwa Mikono. Kabla ya hapo mambo yalikuwa yanakwenda kiholela. Mtoto anaokota gunzi, analifunga kitambaa, anatangaza kwamba huyu ni mwanawe, na hakuna ofisi yoyote yenye taarifa za uzazi huo. Mimi, Telesphor, ndiye niliyekuwa Katibu wa Kamati. Ninaandika haya mapema kabla watu wenye wivu hawajaandika ya kwao.

Kamati ilizaliwa siku treni iliposhusha makasha sita kutoka kwa wafadhili wa ng'ambo. Ndani mlikuwa na felti, yaani kitambaa kizito kama blanketi lililobanwa, ambacho ukikikata hakitoki nyuzi. Kilikuwa cha rangi zote, na katika kila kasha palikuwa na karatasi yenye picha ya mkasi, kifungo, kuku na mtoto anayecheka. Maandishi yalikuwa ya lugha ambayo hakuna aliyeijua. Mwenyekiti wetu, Bwana Ubaldo, aliitazama karatasi kwa muda, akaigeuza, akatutafsiria kwamba wafadhili wanasisitiza utaratibu ufuatwe. Tukapiga makofi.

Utaratibu ulianza na waraka. Kila darasa la chekechea liwe na zana za kufundishia zilizohakikiwa ifikapo tarehe 30 Juni, ama lifungwe. Zana zilizohakikiwa ni zile za felti. Felti ilikuwa stoo kwetu, na ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwa Mwenyekiti. Mtu asiyejua uongozi ataona hapo pana tatizo. Hapakuwa na tatizo, palikuwa na mchakato.

Mpaka katikati ya Mei tulikuwa tumefunga madarasa tisa hata kabla ya tarehe, kwa mafanikio makubwa. Lilibaki moja, la Ikola kule ziwani, lenye watoto thelathini na wanane na mwalimu mmoja aitwaye Bibiana. Mwanamke huyu hakusubiri barua. Alipanda lori la dagaa, akashuka Mpanda mjini ananukia safari yote, akaingia kikaoni na mfuko wa salfeti. Bila kuomba nafasi kwa Mwenyekiti akaumwaga mezani.

Wakaanguka samaki wa blanketi wenye macho ya vifungo. Ukaanguka mtumbwi uliochongwa kwa kandambili iliyokatika, ngoma ya kopo la maziwa, na kuku wa gunzi mwenye manyoya ya kuku wa kweli.

"Hivi ni nini?" akauliza Bwana Ubaldo, akiinua samaki kwa ncha ya kalamu.

"Mgebuka huo, baba. Kazi ya watoto."

"Malighafi mmepata wapi?"

"Blanketi la marehemu bibi yangu. Vifungo kila mtoto kaleta kimoja. Kuna wengine mashati hayafungi mpaka leo."

"Na gundi?"

"Uji wa muhogo."

Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mwalimu, uji ni chakula. Chakula kiko chini ya idara nyingine."

Nilidhani atalia, kama walimu wengine tisa. Hakulia. Aliegemea meza yetu kwa mikono yote miwili.

"Nyie wakubwa, nisikilizeni. Mkifunga darasa, hawa watoto wanarudi mchangani. Mama zao wanaanika dagaa, hawana macho kisogoni. Mwaka jana Fabrice katolewa majini kishageuka rangi. Miaka minne yule. Nimemkamua maji kwa mikono hii hapa. Tangu darasa lifunguliwe hajazama mtoto hata mmoja. Nipeni kasha moja. Au mniandikie tu cheti kwamba hivi vyangu vinatosha."

Mimi niliguswa, tena niliguswa hasa, nikaandika kwenye kumbukumbu: *Katibu ameguswa.* Kisha Bwana Ubaldo akaeleza jambo ambalo mwananchi wa kawaida hulisahau, kwamba mtoto hawezi kukabidhiwa felti kabla waratibu hawajajifunza kuitumia. Arudi baada ya semina.

"Na Juni thelathini?"

"Hiyo iko palepale," akasema Mwenyekiti.

Semina ilichukua siku saba. Tulihudhuria watumishi kumi na mmoja, wote wenye vyeo. Somo la kwanza lilikuwa kutengeneza kuku kwa kufuata picha. Ninakiri kwamba kazi hii ni ngumu kuliko inavyosemwa. Wilbert, mtaalamu wetu wa mifugo, alishona kuku mwenye miguu minne.

"Ndugu Wilbert," nikamwambia, "kuku ana miguu miwili."

"Huyu ni wa mradi," akajibu.

Mabula wa masjala alikata kuku wake akakata na tai yake mwenyewe. Bwana Ubaldo aliamuru msaidizi amtungie uzi kwenye sindano, na mchana alipokwenda kula akarudi akakuta mbuzi wa mpishi amekwisha kula kuku wake kwa sababu ya gundi ya uji. Akaunda kamati ndogo ya kumchunguza mbuzi. Tulirudia zoezi mara nyingi ili tubobee. Vipande vilivyosalia vilitumika kwa maendeleo: kitambaa cha kijani kikawa cha meza ya vikao, chekundu kikafunika redio ya Mwenyekiti, cha njano tukakiweka ndani ya viatu kwa sababu Juni Mpanda ina baridi asubuhi. Siku ya saba felti ikaisha stoo, nasi tukapeana vyeti.

Ndipo ikaja fomu kutoka mkoani Sumbawanga. Ilitaka majina na umri wa kila aliyetumia felti. Chini yake pameandikwa: *umri usipungue miaka minne wala usizidi sita.*

Hapo ndipo uzoefu wangu ulipoonekana. Mtumishi mdanganyifu angebuni majina ya watoto, na kubuni majina ni kosa la jinai. Mimi niliandika majina ya kweli ya watu waliotumia felti kweli. Umri si jina. Nikaandika: Ubaldo, miaka mitano. Wilbert, sita. Mabula, minne. Mimi mwenyewe nilijipa minne na nusu kwa unyenyekevu. Mwenyekiti akasoma, akasema mimi ni hazina ya taifa, akagonga mhuri.

Wiki mbili baadaye, kwenye simu ya upepo, sauti ya kike kutoka Sumbawanga ilisema polepole kwamba Mkaguzi, Mama Annonciata, anakuja Ijumaa kuwaona hao watoto kumi na mmoja wakiwa darasani kwao. Orodha ikiwa ya uongo, wote walioshiriki kuiandaa watatangulia kwenye kupunguzwa kazi. Mwaka ule neno "kupunguzwa" lilikuwa likitajwa maofisini kwa sauti ndogo, kama jina la ugonjwa. Simu ikakatika.

"Darasani kwao wapi?" akauliza Mabula. "Sisi hatuna darasa."

"Tuingie lolote," akasema Wilbert.

Nikafungua faili. Madarasa yote tulikuwa tumeyafunga sisi wenyewe. Lilibaki la Ikola, na lenyewe lilikuwa na siku tano za kuishi. Tulijazana kwenye Landrova moja, watu kumi na mmoja na dereva, tukapita msituni kuelekea ziwani.

Mwalimu Bibiana tulimkuta nje ya banda la nyasi, watoto wamekaa kwenye nyavu kuukuu wakibandika vizibo vya soda kwenye boksi. Bwana Ubaldo alishuka, akakohoa kiofisi, akamweleza kwamba Kamati imeamua kujisogeza karibu na wananchi kwa kujiandikisha chekechea.

Bibiana alimtazama kuanzia viatu mpaka upara. "Nyie wote?"

"Wote."

"Mkaguzi anakuja, siyo?"

Mtoto mdogo aliyekuwa na kizibo mdomoni akakitoa ili asikie vizuri. Baadaye niliambiwa huyo ndiye Fabrice.

"Haya, wanangu," akasema Bibiana. "Andikeni kwanza cheti cha darasa. Cha kudumu, siyo cha mwaka. Vitu vyetu vyote vihakikiwe, na uji ndani. Na felti yangu iko wapi?"

"Mwalimu, hilo la kudumu linahitaji kikao," akasema Mwenyekiti.

"Wajumbe si mmekuja wote?"

Kikao kilifanyika juu ya boneti ya Landrova na kilichukua dakika tatu, ambayo ni rekodi ya wilaya. Mhuri uligongwa. Kisha tukavua viatu, tukatoa felti ya njano, naye akaipokea kwa vidole viwili akaenda kuifua. Dereva alirudishwa mjini kufuata kitambaa cha meza na cha redio.

Ijumaa Mama Annonciata akafika. Alikuwa mama mtu mzima, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alikuwa amefundisha darasa la kwanza miaka thelathini kabla ya kupewa ukaguzi. Tulikuwa tumekaa kwenye nyavu, magoti yamegusa videvu. Tukasimama pamoja na watoto, tukaimba, "Shi-ka-moo mwa-li-mu!"

"Marahaba. Ubaldo, miaka mitano."

"Nipo."

Alimsogelea. "Mbona una mvi, mwanangu?"

"Ni utapiamlo, mama."

"Na hilo tumbo?"

"Nalo ni utapiamlo."

Akaandika. "Mabula, miaka minne. Ndevu hizi?"

"Kwetu Usukumani tunawahi kukua, mama."

Akaandika tena. Hakucheka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Aliuliza kama tuna vyeti vya kuzaliwa. Hatukuwa navyo, na hakuna mtoto wa Ikola aliyekuwa nacho.

"Basi tutapima kama tunavyopima siku zote," akasema. "Kila mtoto apitishe mkono juu ya kichwa, ashike sikio la upande wa pili. Ukifika, ana umri wa shule, huyo si wa chekechea na orodha ni ya uongo. Usipofika, bado mdogo."

Watoto walianza. Fabrice alijinyoosha mpaka akatoa ulimi, vidole vikaishia kwenye nywele. Ikaja zamu ya Kamati. Sijapata kuona watumishi wa umma wakijitahidi namna ile kutofikia lengo. Wilbert aliukunja mkono kama mwenye kiharusi. Mimi nilivimbisha shingo. Bwana Ubaldo ndiye peke yake ambaye hakuigiza. Mafuta ya bega yalimzuia kikweli, akabaki anahema.

"Vuta bega, kaka!" Fabrice akampigia kelele. "Unakaribia!"

"Niache," akanong'ona Mwenyekiti.

Kwa Mabula, nzi wa dagaa alitua kwenye sikio lenyewe. Akatembea humo, akaingia, akatoka. Mkono wa Mabula ulikuwa umesimama vidole viwili tu kutoka pale, machozi yanamtiririka kwenye ndevu. Hakushika. Mpaka leo namheshimu kwa siku ile.

Mama Annonciata akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Hawajafika. Orodha ni ya kweli."

Tulitaka kukumbatiana, ila tulikumbuka umri wetu.

"Wabaki hapa," akaendelea, "mpaka siku mikono yao itakapofika. Siku hiyo mwalimu wao awape barua, nami nimeshazisaini. Ofisini sitawatafuta. Mtoto wa miaka mitano akikutwa ofisini, aliyemweka huko anashtakiwa." Kisha akalitazama boksi la vizibo, samaki wa blanketi, cheti kilichobandikwa ukutani, na watoto thelathini na wanane walio mbali na maji. "Darasa hili ni zuri, Bibiana. Hili halifungwi na mtu."

Gari lake lilipopotea tukacheka mpaka tukalala kwenye nyavu. Tumemshinda! Bwana Ubaldo alipiga hesabu haraka: Jumatatu asubuhi mikono yote ifike, barua zichukuliwe, saa nne tuwe njiani kurudi kazini. Jumamosi na Jumapili alijinyoosha ufukweni, Wilbert akimkanda bega kwa mafuta ya mawese.

Jumatatu tulipanga mstari mbele ya banda kabla ya kengele. Watu kumi na mmoja, mikono juu ya vichwa, kila mmoja amelikamata sikio lake barabara. Hata la Mwenyekiti lilikuwa limeshikwa, jekundu kama nyanya. Watoto walitushangilia kwa moyo wote. Fabrice alirukaruka.

"Hongereni," akasema Bibiana, akatupa bahasha. "Mmekua."

Bwana Ubaldo alifungua ya kwake akiwa tayari anaelekea kwenye Landrova. Akasimama. Akasoma tena, midomo ikitembea. Mimi nilisoma yangu. Ilisema mwanafunzi aliyetajwa hapo juu, kwa kuwa mkono wake umefika, aripoti leo hii shule ya msingi, darasa la kwanza, akiwa na fagio, jembe na ndoo. Anayesema umri wake si huo aandike maelezo ya orodha kwa mkono wake, ayatume Sumbawanga.

"Mwalimu," akasema Bwana Ubaldo, na sauti yake ilikuwa ndogo kweli, "hii shule ya msingi ni ya muda gani?"

"Miaka saba, mwanangu," akasema Bibiana. "Kama hutarudia darasa."