Korongo Watatu wa Bazilio

Kahawa ya kwanza haijamiminwa sawasawa hapa kijiweni, nyuma ya stendi ya Kasulu, Isihaka kashakohoa kama mtangazaji. Ndiyo maana tunamwita Taarifa. Simu mkononi, akaanza kusoma.

"Oyaa, sikilizeni! Korongo taji, ndege aliye hatarini kutoweka, kaonekana bonde la Titye. Watu wa wanyamapori wamemwona mmoja, wa misitu mmoja, wa maji mmoja. Jumla watatu!"

"Hongera zao," akasema Esteri, muuza kahawa wetu.

"Ngoja, haijaisha. Wataalamu wana wasiwasi, kwani wote watatu wanachechemea mguu wa kushoto."

Bazilio akapaliwa. Huyu ndiye Darubini, mkulima wa Titye aliyewaongoza wataalamu bondeni, na tangu siku hiyo majivuno yake yametuchosha.

"Darubini, vipi, mbona jasho?" Isihaka akamuuliza.

"Yewe, nimekwisha! Ni yuleyule! Ni Bibi Harusi wangu!"

Ikabidi aseme yote. Mwaka juzi moto ulipopita bondeni, aliokota kifaranga cha umusambi, ndivyo tunavyomwita korongo huyo kwa Kiha, mguu wa kushoto umeungua. Akamlea pamoja na kuku wake, akamwita Bibi Harusi. Sasa ndege anamfuata hadi shambani, na kumfuga bila kibali ni kosa.

"Acha kamba!" akasema Isihaka. "Ofisi tatu zimhesabu mmoja?"

"Kila ofisi ilikuja na siku yake! Hawa hawapandi gari la wale, wale hawasomi barua za hawa. Na wote wanaingia na honi, korongo wa porini wanapaa mpaka Kibondo! Sasa mgeni katoka mbali hivyo, nimwache arudi hajaona kitu? Nikapiga mluzi, Bibi Harusi akatokea kwenye mafunjo."

"Mara tatu?"

"Ego, mara tatu! Yule wa misitu alilia kwa furaha."

Tulicheka mpaka Esteri akaliangusha birika. Bazilio hakucheka.

"Wakimchukua, mimi jioni nitaongea na nani?"

Nilimwonea huruma, ingawa mbavu zilikuwa zinaniuma. Mara simu yake ikaita. Akaweka spika.

"Bwana Bazilio? Ofisi zote tatu tumekaa kikao, na kwa mara ya kwanza tumekubaliana. Kuanzia leo wewe ndiye mlezi rasmi wa korongo wa Titye. Kibali kinakuja. Wachukue uwatunze nyumbani kwako mpaka wapone."

Bazilio aliruka juu, akambusu Isihaka kwenye kipara.

"Keshokutwa tunakuja wote kwa pamoja kuwaona. Wote watatu. Akipungua hata mmoja, utajibu wewe."

Simu ikakatwa. Isihaka akakumbuka ana safari, mimi nikaanza kutafuta kandambili zangu. Bazilio akamgeukia Esteri kwa sauti ya upole ambayo hatujawahi kuisikia kwake.

"Esteri, dada yangu, wale bata mzinga wako, miguu yao ina urefu gani?"